Picha ya utumbo: lini unapewa bariamu, lini dawa ya iodini?

Kinyonga Mstaarabu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wale wa idara ya mionzi kama mmo humu.

Baba mkwe wangu amelazwa. Utumbo umeziba: tumbo limejaa, anatapika majimaji ya kijani, choo hakuna, upepo hakuna. Aliwahi kupasuliwa tumbo miaka ya nyuma, na madaktari wanahisi makovu ya ndani ndiyo yaliyoubana utumbo. Wamemwekea mpira wa puani na dripu. Kesho wanataka kumpitishia dawa yenye iodini kwenye huo mpira, halafu wampige eksirei baada ya saa kadhaa waone imefika wapi.

Hoja zangu ni hizi. Mimi mwenyewe nilipokuwa na shida ya tumbo nilinyweshwa bariamu, ule uji mweupe mzito. Kwa nini yeye asipewe hiyo hiyo? Halafu mzee akila kamba au kaa midomo humvimba, na mama mkwe ameshaanza kulia kwamba iodini itammaliza, maana "kamba na iodini ni kitu kimoja". Na la mwisho, daktari wa zamu alitamka kwamba dawa hii inaweza hata kumsaidia kufunguka. Dawa ya picha inamfungua mtu vipi? Nilitaka kumbana anieleze lakini alikuwa anakimbilia mgonjwa mwingine.

Mkaa Pembeni

Nimeweka kambi hapa. Wataalamu njooni.

Chumba cha Giza

Pole sana mkuu, mzee apate nafuu. Mimi ni mpiga picha wa idara ya mionzi, na kazi za kunywesha watu dawa hizi ndizo zinazonipa ugali, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Utumbo ni nyama laini yenye maji na hewa. Ukiupiga eksirei tupu unaona hewa, unaona vivuli, basi. Ili umbo la ndani lijitokeze lazima kitu kinachozuia mionzi kipite humo. Iodini ina namba atomia 53 na bariamu 56. Zote ni atomi nzito, zinameza vizuri mionzi ya nguvu tunazotumia hospitalini. Kwa hiyo kwenye kuonekana hazijaachana sana. Zinapoachana ni hapa: dawa ikitoka nje ya njia yake, itaangukia wapi, na itafanya nini huko? Ukiwa na swali hilo kichwani, mengine yote kwenye mada hii yanajieleza.

Bariamu tunayotumia ni bariamu salfeti, unga usioyeyuka, unaoelea tu ndani ya maji. Kutoyeyuka ndiko kunakoifanya iwe salama, kwa sababu chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu. Inaingia mdomoni, inatoka na choo, mwili haujaichukua. Lakini kama utumbo umetoboka, unga ule unamwagika kwenye uwazi wa tumbo pamoja na uchafu na bakteria, na hapo hakuna wa kuuondoa. Mwili hauwezi kuuyeyusha, daktari wa upasuaji anauosha na bado unabaki. Unaleta uvimbe mkali wa utando wa tumbo, vinundu, na makovu mapya yanayonatisha matumbo.

Dawa ya iodini ni kinyume chake. Molekuli yake ina atomi tatu za iodini zilizofungwa kwenye pete ya kaboni, na inayeyuka kabisa kwenye maji. Ikimwagika tumboni, utando wa tumbo unaifyonza, damu inaipeleka kwenye figo, mtu anaikojoa. Tena kuna jambo zuri la kitaalamu hapo: utumbo usio na tundu hufyonza kidogo sana ya kilichonywewa, asilimia moja au mbili hivi. Kwa hiyo mtu akinywa, halafu kwenye picha za baadaye figo na kibofu vikang'aa waziwazi, tunaanza kushuku kwamba kuna mahali panavuja hata kama tundu lenyewe hatulioni.

Kwa mzee wako: utumbo umeziba, wakati wowote anaweza kuingia chumba cha upasuaji, na huenda wakataka CT skani, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande. Bariamu ikiwa imejaa tumboni CT inaharibika, picha inajaa michirizi mieupe. Na kama kizuizi kiko kwenye utumbo mpana, bariamu inanyonywa maji na kugandamana pale pale juu ya kizuizi. Mimi ningeshangaa kama wangempa bariamu.

Mzee wa Filamu

Nimestaafu kazi hiyo hiyo. Nakubaliana na Chumba cha Giza ila nisingependa watu waondoke humu wakidhani iodini ni bora kuliko bariamu kila mahali. Kwa ukali wa picha, bariamu bado ni mfalme. Inang'ang'ania ukuta wa utumbo, unaona mikunjo, vidonda vidogo, kila kitu. Iodini inapita kama maji, na kwenye utumbo mwembamba inazidi kuchujuka kadiri inavyoteremka, mwisho wake ukungu mtupu.

Na tundu dogo la umio linaweza kuponyoka kabisa ukitumia iodini peke yake. Ndiyo maana utaratibu ni kuanza na dawa inayoyeyuka, na isipoonyesha uvujaji na shaka ikawa bado ipo, unafuata na bariamu.

Chumba cha Giza

Sawasawa kabisa, mzee wangu. Na niongeze upande ambao watu wengi hawaujui, nao ndio hunipa hofu kuliko yote: mapafu.

Dawa za iodini za zamani, zile kali zenye diatrizoeti (wengi wanaijua kwa jina la Gastrografin), zina msongamano mkubwa mno. Damu yetu iko karibu na 290 kwa kipimo cha osmolaliti (wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani ya maji), dawa ile bila kuchanganywa na maji ni kama 2,000. Mara sita au saba. Mahali popote inapotua inavuta maji kuelekea kwake. Ndani ya utumbo hilo lina faida yake. Ndani ya pafu, mtu akipaliwa nayo, inavuta maji kutoka kwenye damu hadi kwenye vifuko vya hewa, na mgonjwa anaweza kufa kwa kujaa maji mapafuni. Bariamu kidogo ikiingia pafuni kwa kawaida hukoholewa ikatoka, madhara ni madogo.

Kwa hiyo mtu aliyepooza upande mmoja na hamezi vizuri, mtu asiye na fahamu kamili, mtoto anayedhaniwa kuwa na mfereji usio wa kawaida kati ya umio na koo la hewa: hao hawapewi diatrizoeti kwa mdomo. Tunatumia bariamu, au dawa za iodini za kizazi kipya zisizo na chaji ya umeme, kama aioheksoli, ambazo msongamano wake uko chini sana na pafu linazivumilia.

Ndiyo maana huwa nawauliza wagonjwa wangu wote kama wanapaliwa wakinywa maji, kabla hata sijauliza jambo lolote lingine.

Kinyonga Mstaarabu

Aisee. Sasa mzee anatapika. Hatapaliwa nayo?

Nesi wa Usiku

Ndiyo sababu wanaipitisha kwenye mpira, baba, na siyo kwa kikombe. Kwanza tunaufungulia mpira unyonye yale yaliyokusanyika, tumbo la juu litulie. Kisha dawa inaingia, kwa kawaida mililita 100 kwa mtu mzima, halafu mpira unafungwa kwa muda ili dawa isirudi juu. Mgonjwa anainuliwa kichwa, halazwi chali. Akianza kutapika tunaufungua. Kama wodi yenu ina wauguzi wanaofuata hayo, tulia.

Swali lako la tatu ndilo ninalolipenda. Ule ule uvutaji wa maji aliousema mwenzangu ndio unaosaidia hapa. Dawa inavuta maji kutoka kwenye ukuta wa utumbo uliovimba, uvimbe unapungua, yaliyomo ndani yanakuwa mepesi, na utumbo uliobanwa na makovu unaweza kupata upenyo. Huwa wanapiga picha kuanzia saa 8 baada ya kuiweka, na kama bado, wanarudia hadi saa 24. Dawa ikionekana imefika utumbo mpana ndani ya muda huo, uwezekano wa kufunguka bila kisu ni mkubwa sana, na watu hao huanza kula na kuruhusiwa mapema. Isipofika, daktari wa upasuaji anapata sababu ya kuacha kusubirisubiri.

Msichanganye na mgonjwa ambaye utumbo umeshajinyonga na damu haifiki. Huyo ana maumivu makali yasiyoachia, homa, mapigo ya moyo yanakimbia, tumbo limekuwa gumu. Huyo haendi kwenye dawa ya picha, anaenda moja kwa moja kupasuliwa.

Jambo moja la kuulizia wodini: dripu. Dawa ikivuta maji kuingia utumboni, maji hayo yanatoka kwenye mwili wa mzee ambaye tayari ametapika sana. Lazima awe amejazwa maji kabla. Na utumbo ukifunguka, ataharisha kweli kweli. Andaeni mashuka, na msimpe dawa ya kuzuia kuhara.

Mama Mkubwa

Yote mazuri, lakini mmeruka la aleji. Mimi nilimwona mtu kwa macho yangu, amechomwa dawa ya CT, mwili mzima ukatoka vipele na pumzi ikambana. Naye alikuwa hali kamba wala kaa. Nyie mnasema ni hadithi?

Chumba cha Giza

Hapana mama, ulichokiona ni cha kweli. Ninachokataa ni kuunganisha na kamba.

Anayedhurika na kamba au kaa, kwa kawaida anadhurika na protini iliyoko kwenye misuli ya wanyama hao, tropomayosini. Iodini haihusiki. Na iodini yenyewe haiwezi kuwa chanzo cha aleji kwa namna hiyo, sote tunaibeba mwilini, tezi ya shingoni haifanyi kazi bila hiyo, na imo kwenye chumvi tunayokula. Anayepata vipele kwa dawa ya picha anaijibu molekuli nzima ya dawa ile. Kwa hiyo mtu mwenye aleji ya kamba yuko sawa na mtu mwenye aleji ya karanga au ya maziwa: mwili wake una hulka ya aleji, hatari inapanda kidogo tu, na siyo sababu ya kumnyima kipimo. Hata aliyebabuka ngozi kwa ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, hilo pia haliihusu dawa ya picha.

Kinachohusika ni kimoja: aliwahi kupata shida kwa dawa ya picha yenyewe? Kama ndiyo, iliitwa nini, ilimfanya nini, ilimchukua muda gani. Hilo aliseme hata kama safari hii anainywa tu. Kwa njia ya mdomo matatizo ni machache mno kuliko ya sindano, lakini yapo, kwa sababu ile asilimia moja au mbili inayofyonzwa inatosha kumwamsha mtu ambaye mwili wake unaikumbuka dawa.

Mama Mkubwa

Mbona basi fomu ya hospitali inauliza "una aleji ya samaki au dagaa wa baharini?" Kama haihusiki waache kuuliza.

Mzee wa Filamu

Fomu nyingi zilichapwa zamani, mama, na hakuna anayependa kufuta mstari kwenye fomu. Hilo swali limewanyima watu wengi vipimo bure. Ukilijibu ndiyo, eleza vizuri ni chakula gani na kilikufanya nini, halafu sisitiza kama hujawahi kudhuriwa na dawa ya picha.

Mama Mkubwa

Haya, nimesikia. Sijashawishika sana ila nimesikia.

Msomaji wa Kale

Wakati mzee anasubiri picha, niwaletee kidogo historia, maana mnazungumza kana kwamba dawa hizi zilianguka kutoka mbinguni.

Röntgen aliigundua mionzi ya eksirei Novemba 1895. Mwaka uliofuata tu, mwanafunzi wa udaktari pale Harvard aitwaye Walter Cannon alikuwa tayari anawalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi, metali nyingine nzito, na kutazama kikiteremka. Mengi tunayoyajua kuhusu utumbo unavyojikamua yalianzia pale. Bismathi ikaja kuonekana ina sumu kwa baadhi ya wagonjwa, na kuanzia 1910 bariamu salfeti ikachukua nafasi.

Iodini ilipitia mlango mwingine, wa figo. Mwaka 1929, Moses Swick, daktari kijana Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alionyesha kwamba dawa yenye iodini ikichomwa mshipani inaichora njia ya mkojo. Diatrizoeti ikaja miaka ya 1950.

Ninayempenda mimi ni Torsten Almén wa Sweden. Wakati ule sindano za dawa hizi kwenye mishipa zilikuwa zinaunguza vibaya. Almén alikuwa mwogeleaji, akakumbuka kwamba macho yanawasha zaidi kwenye maji ya bahari yenye chumvi nyingi kuliko kwenye maji ya chumvi hafifu. Akawaza: kinachounguza siyo iodini, ni msongamano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja na wazo la molekuli zisizojigawa vipande viwili vyenye chaji ndani ya maji, chembe zikawa nusu kwa iodini ile ile. Aioheksoli aliyoitaja Chumba cha Giza ni mtoto wa wazo hilo.

Mkaa Pembeni

Hii ya kuogelea nimeipenda. Mkuu Kinyonga, mzee vipi?

Kinyonga Mstaarabu

Wakuu, picha ya kwanza dawa ilikuwa bado iko utumbo mwembamba, daktari akasema tusubiri. Picha ya pili ilionyesha imeingia utumbo mpana, na kabla hata hawajatuambia majibu mzee alikuwa ameshaomba msaada wa kwenda chooni, hakufika. Nesi wa Usiku, mashuka yalihitajika yote. Hakupata vipele wala kuvimba. Mama mkwe sasa anasema ni maombi, na sitamkatalia.

Nesi wa Usiku

Mungu ni mwema. Sasa muwe wapole na chakula, aanze na vimiminika, na muulizie kama wamempima chumvi za damu baada ya kuharisha. Kama makovu yapo, yapo. Siku akianza tena kutapika na upepo kukata, msisubiri nyumbani.

Sukari Yangu

Nadandia uzi. Mama ana kisukari, anatumia metfomini, na ana miadi ya CT ya tumbo ambayo ataanza kwa kunywa dawa ya iodini. Kuna mtu kamwambia aache vidonge vyake siku kadhaa kabla. Ni kweli?

Chumba cha Giza

Tenganisha njia mbili. Ya kunywa inayeyushwa kwenye maji mengi hadi inakuwa hafifu sana, anainywa polepole kwa saa moja au zaidi kabla ya picha, na inayoingia kwenye damu ni chembe. Hiyo haina ugomvi na metfomini. Ila CT nyingi za tumbo zina pia dawa ya sindano, na hapo suala ni figo. Dawa ya iodini ikizielemea figo zilizochoka, metfomini hukosa njia ya kutoka na kurundikana. Mwenye figo nzima haachi chochote. Mwenye figo dhaifu sana ndiye anayeambiwa asitishe, kwa kawaida kuanzia siku ya kipimo na saa 48 baada yake, kisha figo zinapimwa tena kabla ya kurudia. Kwa hiyo aende na majibu ya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), na asijisitishie mwenyewe kwa maneno ya mtu. Sukari ikipanda bila sababu nayo ni ugonjwa.

Na kama atapewa ya kunywa, ladha ni chungu yenye harufu ya bizari tamu. Akiombwa aichanganye na juisi, aulize idara ni juisi gani na kiasi gani.

Mlezi wa Kichanga

Na watoto wachanga? Dada yangu amejifungua, mtoto hajatoa choo cha kwanza, wanasema wanataka kumpitishia dawa hii kwa njia ya haja kubwa. Nimesoma hapo juu kuhusu kuvuta maji nimeogopa.

Mzee wa Filamu

Umeogopa mahali sahihi, lakini njia hiyo inajulikana. Mwaka 1969 daktari Helen Noblett alieleza jinsi ya kuwafungua watoto ambao kinyesi cha kwanza kimeganda na kuziba utumbo, kwa kuwapitishia Gastrografin chini bila kuwapasua. Wengi wa watoto hao wana ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili uwe mzito. Dawa inavuta maji, kinyesi kinalainika, kinatoka.

Lakini masharti yake hayajabadilika: mtoto awe na dripu inayokwenda vizuri kabla na baada, mpiga picha atazame dawa ikipanda hatua kwa hatua, na daktari wa upasuaji awe karibu iwapo utumbo utatoboka. Kichanga hana maji mengi ya akiba, kwa hiyo hospitali nyingi siku hizi huipunguza nguvu au kutumia zile za msongamano mdogo. Dada aulize mambo hayo matatu tu.

Mlezi wa Kichanga

Ahsante mzee. Dripu ipo, daktari wa upasuaji ndiye aliyetuita. Naenda kuuliza hilo la mpiga picha.

Sukari Yangu

Samahani, la mwisho. Mama huyo huyo aliwahi kuambiwa tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na kuna mpango wa kumpa iodini ya mionzi. Hizi mbili zinagongana?

Chumba cha Giza

Zinagongana kweli, na umefanya vema kusema kabla ya CT. Tezi inahitaji kama mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Mililita 100 za dawa ile kali zina gramu 37. Karibu yote imefungwa kwenye molekuli na haiigusi tezi, ila sehemu ndogo iliyo huru inatosha kuishibisha kabisa. Tezi ikishiba haitaichukua iodini ya mionzi, na tiba inapotea bure. Kwa kawaida idara za tiba ya nyuklia husubiri wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi nane, baada ya dawa ya picha. Pia tezi inayofanya kazi kupita kiasi ikipewa iodini nyingi inaweza kuchachamaa zaidi, kwa hiyo daktari wake wa tezi anatakiwa ajue hata kama tiba ya mionzi ingeahirishwa.

Mwambie daktari aliyeandika CT kuhusu tezi, na idara ya tiba ya nyuklia uipe tarehe ya CT. Usidhani wanasoma faili moja.